Sahani Iliyochoka Motoni

Amri ya kuzima tanuri aliileta Dunstan mwenyewe, asubuhi ya Jumatano, akitabasamu na kikombe cha kahawa mkononi kama mtu aliyepita tu kusalimia.

"Connie," alisema, "Ijumaa tunalizima hili. Nataka nafasi. Wageni wa zahanati ya Mulgarrie wakija wasikute vyuma vimejazana humu kama gereji ya marehemu."

Concetta Buhagiar hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anasoma kipimo. Tanuri lenyewe lilikuwa kubwa kama friji la buchani, rangi ya kijivu, na moto wa nyuzi mia nane na hamsini uliokuwa ndani yake haukuwa umekatika tangu majira ya baridi ya mwaka uliopita.

"Halizimwi," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema halizimwi, Hamish. Na kahawa yako inamwagika."

Kweli ilikuwa inamwagika. Hamish Dunstan, mkurugenzi wa kampuni ya Corrigal, alitazama kiatu chake, akatazama mgongo wa yule mama aliyekuwa bado amechuchumaa, akaondoka bila kuongeza neno. Lakini kila aliyemjua katika maabara ile ya Clayton alijua kwamba Dunstan akiondoka kimya anakwenda kutafuta fimbo.

Corrigal ilikuwa ikitengeneza sanduku la umeme. Unaliunganisha na mtungi wa gesi, nalo linakupa umeme bila moshi na bila ile kelele ya jenereta. Moyo wa sanduku ni sahani nyeupe za kauri, nyembamba kama kadi ya mwaliko, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukiishika sahani hiyo ikiwa baridi ni kauri tu, kama kigae cha bafuni. Ukiitia moto mkali, chembe za oksijeni zinaanza kupenya ndani yake kutoka upande mmoja hadi wa pili, zimebeba umeme mgongoni. Kadiri zinavyopenya kwa wepesi, ndivyo sanduku linavyokuwa na nguvu.

Ila kauri hiyo, ambayo unga wake hutokana na mchanga mzito wa fukwe, haipitishi kitu cha maana ikiwa peke yake. Lazima itiwe kiungo. Wengine hutia itria, wengine skandia, na ugomvi wote wa watu wa kazi hiyo duniani ni juu ya kiungo gani na kiasi gani. Connie alikuwa amekula miaka mingi ya maisha yake katika ugomvi huo. Alitia skandia kidogo, akaongeza, akapunguza, akachoma, akapima, akavunja, akaanza upya, mpaka siku moja akapata sahani iliyopitisha umeme kuliko sahani yoyote iliyowahi kupimwa katika jengo lile. Siku ile walikunywa shampeni kwa vikombe vya maabara. Dunstan alimkumbatia mbele ya wakurugenzi wote, akampa ukuu wa maabara, na sahani ikapewa jina lake. Kila mtu aliiita "Connie".

Siku ya pili yake, shampeni ikiwa bado inanuka kwenye zulia, Connie alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alichukua vipande vya sahani ile, akavifunga nyaya za platini, akaviingiza katika tanuri la kijivu akaviacha humo. Pembeni yake aliweka vipande vingine alivyovitengeneza zamani, vyenye kiungo kingi zaidi. Hivyo havikuwa na mpenzi. Kipimo chao cha siku ya kwanza kilikuwa cha chini, na vijana wa maabara walivipa jina la "Wazito".

Wiki zilipita. "Connie" ikaanza kushuka.

Mwanzoni hakuamini. Alilaumu nyaya akazibadilisha, akalaumu kipimajoto akaleta kingine. Alimlaumu Neville Trask, fundi wa matanuri, kwamba amegusa kitu, na Nev, mtu mrefu mwenye ndevu za rangi ya kutu, akamjibu, "Bosi, mimi nikigusa kitu kinavunjika. Hiki hakijavunjika. Hiki kinachoka."

Kilikuwa kinachoka kweli. Mwezi hadi mwezi sahani ilizidi kuwa nzito kupitika, na mwaka ulipokatika ilikuwa imepoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Wazito walikuwa palepale walipoanzia, ama chini kidogo tu, na sasa walikuwa wameipita.

Connie aliingia chooni akalia. Alipomaliza alinawa uso, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Dunstan na kumwambia bila kupindisha maneno kwamba sahani yenye jina lake haifai kuuzwa.

Hilo lilikuwa mwezi mmoja kabla ya ile asubuhi ya kahawa. Dunstan alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mjinga, na hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeahidi mambo mengi kwa watu wengi.

"Wenzetu wote wanauza kwa kipimo cha siku ya kwanza," alimwambia. "Wajerumani hivyohivyo, Wajapani hivyohivyo. Mimi nikienda na kipimo cha mwaka, nitaonekana nauza mzee wa mkongojo."

"Uza mzee anayetembea."

"Connie, mkataba wa Mulgarrie ukituponyoka, tunafunga milango. Nev ana watoto watatu."

"Usinitajie watoto wa Nev. Zahanati ya Mulgarrie ina watoto wangapi?"

"Sanduku likianza kulegea, tutakuwa tumeshapata dawa. Tutakwenda kuwabadilishia sahani."

"Nani atakwenda? Wewe? Mvua ikikata barabara ile, hata posta haifiki. Chanjo zao zitaoza kwenye friji huku wewe unatafuta dawa."

Walimaliza kwa kununiana. Ndipo ikaja amri ya kuzima tanuri.

Ijumaa ilipofika, Connie aliingia kazini mapema, akavuta kiti akakaa mbele ya swichi kubwa ya ukutani. Alikuja na bakuli la zeituni na gazeti. Dunstan alipofika na kumkuta hapo, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii nini sasa?"

"Nimekaa."

"Connie, una miaka hamsini na sita. Usinifanyie mambo ya mgomo wa wanafunzi."

"Kumbe umri wangu unaujua. Basi unajua pia sijawahi kukaa chini saa za kazi. Nikikaa ujue nimekusudia."

Dunstan akamgeukia Nev, aliyekuwa anajifanya anapanga spana. "Nev, zima."

Nev alikuna ndevu. "Bosi mkubwa, tanuri hili halizimwi kama taa. Lazima lishushwe polepole siku nzima, la sivyo bomba la ndani linapasuka. Na leo nina mgongo."

"Mgongo umeanza lini?"

"Uko njiani unakuja."

Mtu mmoja kule nyuma akacheka. Uso wa Dunstan ulibadilika rangi. Hakutaka kumburuta mkuu wake wa maabara mbele ya wafanyakazi siku chache kabla ya wageni. Aliagiza mafundi seremala wasimamishe ukuta wa mbao mbele ya tanuri, upakwe rangi nyeupe, ubandikwe nembo ya kampuni. Kisha akamwinamia Connie na kumnong'oneza.

"Jumanne utakaa nyuma. Wewe utatabasamu, mimi nitaongea. Umenielewa?"

"Nimekusikia," alisema Connie.

Jumapili alikwenda St Albans kwa mama yake, kama kawaida. Mama yake, Bi Karmena, alikuwa mjane wa miaka themanini na ushee, bado akisukuma unga wake mwenyewe na bado akiongea na majirani Kimalta hata wale wasiokijua. Aliweka mezani sinia la pastizzi, sambusa za Kimalta za jibini, zilizotoka jikoni wakati huohuo, akamtazama binti yake anavyozichungulia tu.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Ma."

"Basi umegombana na mtu."

Connie akamweleza. Alimweleza kwa ufupi, maana mama yake hakupenda habari za maabara, lakini alimweleza yote, pamoja na kile kilio cha chooni.

Bi Karmena alifuta mikono kwenye aproni. "Hiyo sahani alitengeneza nani?"

"Mimi."

"Jina lililopo juu yake ni la nani?"

"Langu."

"Na anayeliharibu jina hilo?"

"Mimi, Ma."

"Basi nani mwingine ana haki ya kukasirika? Kula, zinapoa."

Connie alicheka mpaka jibini likamtoka mdomoni. Alikula nne, akafungiwa nyingine za Nev. Njiani kurudi nyumbani alitambua kwamba uamuzi alikuwa ameshaufanya tangu zamani. Kilichobaki kilikuwa kuutamka tu.

Jumanne wageni walikuja. Mulgarrie ilileta watu watatu, lakini mwenye neno alikuwa mmoja, Beryl Oxenham, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mnene mwenye viatu vya vumbi na ngozi iliyokaangwa na jua la bara. Alikuwa ameendesha gari siku mbili. Alikataa kiti cha mbele alichowekewa, akakaa kwenye ukingo wa meza, akamsikiliza Dunstan huku akitafuna biskuti.

Dunstan aliongea vizuri. Alikuwa na kipaji hicho, nani angemnyima. Aliinua sahani moja nyeupe juu ya kichwa, mwanga wa dirishani ukapita ndani yake. Alisema hakuna sahani duniani inayoishinda. Alitaja kipimo. Alisema zahanati itasahau habari za jenereta.

Beryl alimeza biskuti. "Nina swali moja, kijana."

"Uliza lolote, dada Beryl."

"Jenereta yetu ya kwanza ilipokuja ilikuwa mpya, inang'aa, mtu unaweza kujiona uso. Baada ya viangazi viwili ikawa haiwezi kuvuta friji la chanjo na mashine ya oksijeni kwa pamoja. Nilikuwa nachagua. Mnanielewa? Nilikuwa nachagua. Sasa hili sanduku lako, baada ya viangazi vitatu litakuwa na nguvu hizihizi?"

Dunstan hakugeuka kumtazama Connie, lakini shingo yake ilikakamaa.

"Nguvu hizihizi," alisema.

"Hapana," alisema Connie.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi nyuma kabisa kama alivyoagizwa, karibu na birika la chai, na neno lile lilimtoka kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu.

"Connie," alisema Dunstan, bado anatabasamu, "keti."

"Nimekaa vya kutosha Ijumaa." Alikuwa ameshasimama. "Dada Beryl, naitwa Connie Buhagiar. Sahani hiyo ni yangu, nimeitengeneza mimi, na jina lake ni langu. Inazeeka. Ukiiwasha leo utaipenda. Baada ya viangazi vitatu utakuwa unachagua tena."

Mmoja wa wakurugenzi alikohoa. Dunstan alianza kueleza kwamba kuna maoni tofauti ya kitaalamu, lakini Beryl alimnyamazisha kwa kuinua biskuti.

"Unaweza kunionyesha?" alimuuliza Connie.

"Njoo."

Waliingia katika chumba cha matanuri, wengine wakiwafuata kama msafara. Ule ukuta mweupe wenye nembo ulikuwa umesimama pale. Connie alimtazama Nev. Nev alishika upande mmoja, yeye akashika wa pili, wakauinua na kuulaza chini. Tanuri la kijivu likaonekana, na joto lake likawapiga usoni.

"Hiyo ndiyo gereji ya marehemu?" aliuliza Beryl, maana njiani Dunstan alikuwa amejaribu kuligeuza tanuri kuwa mzaha kwa jina hilo.

"Marehemu wenyewe wamo ndani," alisema Nev. "Ila wengine hawajafa."

Connie alimwonyesha mistari miwili kwenye skrini, mmoja ukishuka, mwingine ukienda sawia kama barabara ya jangwani. Beryl aliitazama kwa muda.

"Naona. Sasa nieleze kwa nini, na usinieleze kizungumkuti."

"Mna ukumbi wa mikutano?"

"Tunao. Paa linavuja."

"Fikiria umejaa, kila kiti kina mtu. Mtu wa nyuma anataka kuja mbele, atapitaje? Hapiti. Sasa nikiondoa watu wachache, vikabaki viti vitupu hapa na pale, mtu anahamia kiti kitupu, anaacha chake, mwingine anakikalia. Hivyohivyo mpaka mbele. Hao watu ndio oksijeni. Na kiungo ninachotia, skandia, kazi yake ni kuniachia viti vitupu."

"Kwa hiyo ukitia kingi, viti vinazidi."

"Mpaka kiasi fulani. Ukipita hapo, viti vitupu vinaanza kung'ang'aniana na kiungo, vinaganda pembeni, havimfai mtu. Mimi nilitafuta kile kiasi ambacho viti ni vingi na bado viko huru. Nikakipata, tukanywa shampeni."

"Halafu?"

"Halafu moto. Moto wa mwezi baada ya mwezi. Viti vinajisogeza polepole, vinajikusanya makundi makundi, na kauri yenyewe inaanza kubadili mpangilio wake wa ndani, vijipande vidogo hata jicho halioni. Hakuna kiti kilichopotea, dada, lakini katikati ya ukumbi hakupitiki tena. Kwa kuwa niliipimia kiungo pale pale ukingoni, haina pa kujishikilia."

Beryl alinyoosha kidole kwenye mstari wa sawia. "Na huyu?"

"Huyo ana kiungo zaidi, na chembe ya alumina. Baadhi ya viti vyake vimeganda tangu siku ya kwanza, ndiyo maana anaanza mzito. Lakini umbo lake limeshikana. Moto haumsumbui sana."

Beryl akacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni. "Basi nimeelewa. Yule wako ni wa harusini. Huyu ndiye wa ndoa."

Hata mkurugenzi aliyekohoa alicheka. Dunstan hakucheka. Wageni walipokwenda kula chakula cha mchana, alimwita Connie ukumbini na kumwambia atoe vitu vyake mezani kabla ya saa ya kutoka.

"Unanifukuza kwa sababu nimesema uongo?" aliuliza Connie.

"Nakufukuza kwa sababu umenivua nguo mbele ya mteja."

"Ulikuwa huna nguo, Hamish. Mimi nilifungua dirisha tu."

Alitoa vitu vyake: kikombe, viatu vya akiba, na picha ya marehemu mumewe akiwa ameshika samaki. Akamwambia Nev alilinde tanuri. Nev hakuweza. Jioni ileile, Connie akiwa ndani ya treni, Dunstan aliingia peke yake akavuta swichi kubwa ya ukutani mpaka chini.

Nev alimpigia simu kesho yake. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Bomba la ndani limepasuka, Con. Na vipande vyote, wako na Wazito, vimevunjikavunjika humo. Kuna vumbi na nyaya tu."

Connie alikuwa jikoni kwake. Alikaa chini. Mwaka mzima wa moto, na mtu ameuzima kwa mkono mmoja kama anayezima redio.

"Anawaambia watu ulikosea kupima," aliendelea Nev. "Anasema ushahidi uko wapi."

Hapo ndipo hasira ilipomshika, hasira safi. "Ushahidi uko kwenye kauri yenyewe," alisema. "Akavunje vipande vyote alivyonavyo. Atengeneze vipya, avitie moto, asubiri. Vitachoka vilevile. Hawezi kuufukuza kazi moto."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie. Kwa maneno hayohayo. Na usiongeze matusi."

"Hata moja?"

"Moja."

Nev alimwambia, na alipotishiwa kufukuzwa alijibu kwamba ameishabikia timu ya mpira ya Collingwood maisha yake yote, kwa hiyo kushindwa hakumtishi. Hakufukuzwa. Bila yeye matanuri yote yangesimama.

Connie aliomba kazi mahali pawili. Pa kwanza walimwambia ana ujuzi mkubwa mno, na pa pili walimuuliza anafikiria kustaafu lini. Alijibu, "Nikizikwa," na hawakumpigia tena. Alishinda nyumbani, akapanda nyanya, akagombana na redio.

Kilichogeuza mambo hakikuwa huruma ya mtu. Beryl Oxenham alikuwa amerudi Mulgarrie, akaitisha mkutano katika ukumbi wa paa linalovuja, akawasimulia habari ya viti mpaka kila mchunga kondoo akaielewa. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa bodi ya Corrigal, bila kupitia kwa Dunstan. Alisema Mulgarrie inalitaka sanduku. Inalitaka na sahani nzito. Na inataka itengenezwe na yule mama wa viti, kama sivyo watabaki na jenereta yao na kuwaeleza jirani zao wote kwa nini.

Bodi ilimwita Connie. Alikwenda na gauni lake la kanisani na bila pochi, mikono mitupu, akakaa mbele ya meza ndefu. Dunstan alikuwa mwisho wa meza, akigeuzageuza kalamu.

Mwenyekiti alisema wako tayari kumrudisha, ila ukuu wa maabara umeshapewa mtu mwingine.

"Cheo kaeni nacho," alisema Connie. "Mimi nina mambo matatu. Tanuri litengenezwe na liwashwe, na asilizime mtu bila mimi kukubali. Jina langu liondolewe kwenye ile sahani. Na tukimuuzia mtu kitu, tumwambie kipimo cha siku ya kwanza na kipimo cha baada ya mwaka, vyote viwili, pamoja."

"La tatu ni gumu," alisema mwenyekiti. "Hakuna anayefanya hivyo katika biashara hii."

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza. Si mnapenda kuwa wa kwanza?"

"Na tukikataa?"

"Nitarudi kwenye nyanya zangu. Lakini nitakuwa nakuja kwenye kila mkutano mtakaohutubia, nitakaa nyuma, na nitanyoosha mkono."

Dunstan aliacha kugeuza kalamu. "Atafanya," alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama heshima katika sauti yake, ingawa hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine yoyote. "Mnaweza kumkubalia sasa au baadaye."

Walimkubalia.

Kazi iliyofuata haikuwa tamu. Kwa kuwa sahani nzito zilipitisha kidogo, ilibidi ziwekwe nyingi zaidi, na sanduku likavimba mpaka likafanana na friza ya kuhifadhia nyama. Mbunifu wa kampuni aliliona akaomba likizo. Mkuu mpya wa maabara, kijana mpole aliyemwogopa Connie, alipitisha kila alichoambiwa. Nev aliweka bomba jipya, wakatengeneza vipande vipya vya aina zote mbili, wakawasha moto upya tangu mwanzo. Sahani iliyokuwa na jina la Connie ilianza juu, ikang'ara, ikashuka tena, karibu kwa mstari uleule. Connie aliitazama ikishuka na safari hii hakulia. Alimwita Dunstan aje aone. Dunstan alikuja, akatazama, akatia mikono mfukoni.

"Vilevile," alisema.

"Vilevile," alisema Connie.

Sanduku liliwashwa Mulgarrie mwanzo wa kiangazi. Connie alikwenda kulitazama baada ya kiangazi cha pili kupita, kwa gari la Nev, vumbi likiwafuata njia nzima. Walifika siku moja baada ya dhoruba kuangusha nguzo za umeme kusini mwa mji. Nyumba zote zilikuwa kimya. Zahanati ilikuwa na mwanga, mashine ya oksijeni inampumulia mzee mmoja mgonjwa wa mapafu, na friji la chanjo linanguruma. Watu walikuwa wamepanga foleni barazani kuchaji simu na kuomba barafu, wakitaniana.

"Hili dude lako ni baya la sura," Beryl alimwambia Connie akimkumbatia, "lakini nimeacha kuchagua."

Connie alifungua mlango wa nyuma wa sanduku, akasoma kipimo, akakisoma tena. Kilikuwa kimeshuka. Kidogo, lakini kimeshuka, na alimwambia Beryl kiasi gani, na kwamba kitaendelea kushuka, na lini atahitaji sahani mpya. Beryl aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za magoti yake mwenyewe.

Kijana mmoja wa gazeti la wilaya alikuwa amekuja kuandika juu ya dhoruba. Aliposikia habari ya sanduku alimfuata Connie na kalamu sikioni.

"Mama, kwa hiyo nikiandika kwamba kauri hii haizeeki, nitakuwa sawa?"

"Utakuwa mwongo."

"Watu wanapenda kichwa cha habari kizuri."

"Andika inazeeka polepole."

"Hilo halivutii, mama. Nikiandika haizeeki kabisa utanifanya nini?"

Connie alifunga mlango wa sanduku kwa goti, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Ofisi yenu iko wapi?" aliuliza.

Kijana alicheka, akadhani ni mzaha. Nev, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na kipande cha barafu shingoni, akamwinamia na kumwambia taratibu, "Mwandikie anavyotaka, mdogo wangu. Huyu akija, anakuja na kiti chake."

Kijana aliacha kucheka. Alitoa kalamu sikioni, akafuta neno daftarini, akaandika lingine, na Connie alisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza kuliandika.